Kufuma shanga kwa sindano, nakwama mstari wa pili, naombeni msaada

mtunga_mpya
Habari za leo wadau. Nisaidieni kabla hizi shanga sijazitupa jalalani. Nimezoea kutunga bangili za uzi mmoja tu, sasa nikaona mdada kavaa bangili pana, bapa kama kitambaa, akaniambia hiyo ni peyoti, unafuma na sindano tu bila fremu. Nikaenda Kariakoo nikanunua shanga ndogo na uzi wa nailoni, nimetunga kumi, nikianza kurudi na sindano kitu chote kinajikunja kama mkia wa mbwa, sielewi niingie ushanga upi niache upi. Video nyingi ni za Kizungu halafu mikono yao inaenda mbio balaa. Nakosea wapi?

fundi_sindano
Wala hujaharibu. Tatizo unadhani zile kumi ni mstari wa kwanza. Hizo ni mistari MIWILI imelala pamoja, zinajitenga zenyewe ukishafuma wa tatu, mimi hilo lilinisumbua wiki nzima.
Fumua uanze upya na rangi tofauti. Kata uzi pima moja, usizidishe utafungana. Weka ushanga mmoja wa kuzuia, upitishe sindano mara mbili, acha mkia shubiri moja. Halafu tunga nyekundu nyeupe nyekundu nyeupe mpaka kumi, ya mwisho iwe nyeupe. Sasa chukua nyeusi, ruka ile nyeupe ya mwisho, ingiza sindano kwenye nyekundu ukirudi ulikotoka. Nyeusi nyingine, ruka nyeupe, ingia nyekundu, hivyo hivyo mpaka nyeusi tano ziishe na hapo utakua umetokea kwenye ushanga wa kwanza kabisa. Vuta uzi huku na mkia huku, utaona nyeusi zimechomoza kama meno ya zipu. Mstari wa nne chukua rangi nyingine, moja kwenye kila pengo, unaingia nyeusi tu. Ukikumbuka kuingia rangi uliyoweka mara ya mwisho hupotei.
Na hiyo mistari mitatu ya mwanzo ibane kwa kidole gumba na cha shahada usiachie, ndo inayojikunja, baada ya hapo inatulia.

kariokor_beads
Niko Nairobi, naongezea kidogo. Hizo ndogo ni saizi gani? Kama ni 11 zinakuchosha macho bure, anza na 8. Namba ikipanda ushanga unapungua, wengi huchanganyikiwa hapo. Pia zile za bei rahisi hazilingani, kuna nene kuna nyembamba, mwaga kwenye kitambaa utoe zile mbaya kwanza juu zikiingia kazi inapinda hata ufume vizuri aje. Na ubaki na idadi shufwa, witiri kona yake ya kugeuza ina mambo mengi, utaifanya ukishazoea.

mzee_wa_kijiwe
Mnahangaika na video za Wazungu wakati wamama wa Kimaasai wamejaa hapo mjini, si umfate mmoja akufundishe

fundi_sindano
Mzee shikamoo, ila yale makola bapa ya shingoni wanatunga kwenye waya, na katikati kuna vipande vya ngozi au plastiki vya kushika nafasi. Ni ufundi mwingine kabisa, na mgumu. Hii ni uzi unapita ndani ya ushanga juu ya ushanga. Jina lenyewe peyoti ni la mmea wa Marekani, aina ya kakti, Wahindi Wekundu walikua wanapamba vifaa vya ibada yao kwa mshono huu.

mtunga_mpya
Jamani imekubali!!! Meno nimeyaona, niko mstari wa 14, kulikua na ushanga mmoja nimechoma uzi katikati ya uzi nikashindwa hata kufumua ikabidi niupasue kwa koleo, ila inaenda. Sasa ikifika saizi ya mkono naunganishaje, nafunga fundo?

kariokor_beads
Hapana dada, fundo litaonekana. Kutanisha ncha mbili, meno ya huku yaingie kwenye mapengo ya kule, halafu pitisha sindano zigizaga, jino la huku, jino la kule, mpaka mwisho. Kama jino linagongana na jino ongeza mstari mmoja au fumua mmoja. Mkia urudishe ndani ya shanga kama kumi hivi ndo ukate.

mtunga_mpya
Yanagongana 😭 ngoja nifumue mmoja