Tezi ya shingo ilitolewa na vidonge nameza kila siku, lakini mapaja hayana nguvu: naomba ushauri

Mleta mada

Ndugu zangu, naombeni ushauri, hasa kutoka kwa wenye uzoefu wa maradhi ya tezi ya shingo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri umevuka miaka arobaini, na ninaishi Dar es Salaam ingawa kwetu ni Nyanda za Juu Kusini, ambako rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa wanawake wa rika la bibi yangu kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Langu lilikua hadi likawa linanibana koo, na mwaka jana nilifanyiwa upasuaji, tezi ikatolewa yote. Tangu hapo natumia levothairoksini, dawa inayochukua nafasi ya homoni ya tezi, ya mikrogramu 100 kila asubuhi.

Kinachonitia hofu ni hali iliyoanza miezi michache iliyopita. Si uchovu wa kazi, kwa maana hata nikilala usiku kucha naamka nikiwa sijapumzika. Kuinuka kwenye kiti kifupi ni mpaka nijisukume kwa mikono, na ngazi za shuleni nazipanda kwa kushika ukuta. Usiku mashavu ya miguu hukaza kwa maumivu makali, na mara kwa mara vidole vya mikono hufa ganzi na kuchomachoma, wakati mwingine hata kuzunguka midomo. Kliniki niliambiwa TSH, kipimo cha damu ambacho hupanda homoni ya tezi isipotosha, imepanda kidogo na damu imepungua, nikapewa vidonge vya madini chuma, ambavyo nameza pamoja na dawa ya tezi kwa chai ya maziwa ili nisisahau. Wapo wanaonishauri niombe dozi iongezwe, na wapo wanaosema ni umri tu. Naogopa kuongeza dawa bila kujua ninachotibu, na naogopa pia kukaa kimya huku miguu ikizidi kuishiwa nguvu.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, Mwalimu. Tezi yangu mimi inashambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Kabla sijaanza matibabu nilikuwa siwezi kusuka nywele za binti yangu bila kupumzisha mikono, na kipimo cha CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli inapoumia, kilikuwa juu. Homoni ya tezi ikipungua, misuli hukosa nguvu za kufanya kazi, na ile ya mapaja na mabega ndiyo hulalamika kwanza. Nakuomba usikate tamaa haraka, kwani usingizi na akili vilirejea mapema, ilhali misuli ilichukua miezi mingi baada ya dozi kukaa sawa.

Mchangiaji wa pili, mfamasia

Dada, kabla ya kufikiria dozi kubwa, naomba tutazame namna unavyoimeza hii uliyo nayo. Madini chuma hushikamana na levothairoksini tumboni, hivyo sehemu ya dawa hupita bila kuingia kwenye damu, na kalsiamu, pamoja na baadhi ya dawa za kiungulia, hufanya vivyo hivyo. Meza dawa ya tezi peke yake kwa maji matupu, subiri dakika 30 hadi 60 ndipo upate chai, na madini chuma yasogeze mbele kwa saa 4 au zaidi. Kisha TSH ipimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu dawa hii huondoka mwilini taratibu sana na kipimo cha mapema hudanganya. Dozi ikiongezwa leo na kesho ukarekebisha namna ya kumeza, unaweza kujikuta na homoni iliyozidi, ambayo huyumbisha mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa. Kwa joto la Dar es Salaam, usivihifadhi vidonge karibu na jiko wala dirishani.

Mchangiaji wa tatu

Mimi naona umepungukiwa madini joto. Tafuta vidonge vya mwani, vimewasaidia wengi.

Mchangiaji wa nne, muuguzi

Ndugu yangu hapo juu, nakuheshimu, lakini ushauri huo haumfai. Madini joto ni malighafi ya tezi, na huyu hana tena tezi ya kuyageuza kuwa homoni.

Mwalimu, kilichonishtua katika maelezo yako ni ganzi ya vidole na midomo. Nyuma ya tezi ya shingo hukaa tezi ndogo, kwa kawaida nne, za parathairoidi, zinazosimamia kalsiamu katika damu, nazo zinaweza kujeruhiwa wakati wa upasuaji. Kalsiamu ikishuka huleta ganzi ya aina hiyo na misuli kukaza, na hakuna dozi ya levothairoksini itakayoondoa tatizo hilo. Kwa hiyo usikubali kila kitu kifungwe kwa jibu la TSH peke yake. Omba upimwe kalsiamu, magnesiamu, homoni ya parathairoidi, vitamini D, potasiamu, figo na CK, na umweleze daktari kama unatumia dawa za kushusha kolesteroli, maana nazo huumiza misuli, hasa homoni ya tezi ikiwa chini. Jambo hili lisingoje wiki 6: nenda wiki hii. Mikono ikijikunja yenyewe, koo likibana, ukapata degedege au moyo ukaenda mrama, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mleta mada

Nawashukuru mno. Nimetazama karatasi ya kuruhusiwa, na kweli niliandikiwa kalsiamu ya wiki chache, ambayo ilipokwisha sikuandikiwa nyingine. Kesho asubuhi nakwenda kupimwa. Je, nimeze dawa ya tezi kabla ya kutolewa damu?

Mchangiaji wa nne, muuguzi

Toa damu kwanza, kisha umeze, ili kiwango cha homoni kisionekane kikubwa kwa sababu ya kidonge cha asubuhi ile. Kama unatumia vitamini za nywele zenye biotini, waeleze maabara kabla hawajakutoa damu, kwa sababu huvuruga majibu ya vipimo vya tezi na kwa kawaida huachwa angalau siku 2 kabla. Kipimo cha kalsiamu kisiahirishwe kwa ajili hiyo. Na ile karatasi ya kuruhusiwa uende nayo.