Nimeweka methanoli kwenye injini ya petroli, inakohoa. Kosa liko wapi?

PistoniMoja:
Wakuu, habari za kazi. Nina injini ndogo ya silinda moja, mipigo minne, nimeifunga kwenye kigari cha mashindano. Nilisoma kwamba methanoli ina oktani (uwezo wa kubanwa bila kulipuka yenyewe) kubwa kuliko petroli na kwamba magari ya mbio yaliitumia miaka mingi. Nikapata lita tano, nikamwaga petroli yote, nikajaza. Imewaka baada ya kuvuta kamba mpaka bega likauma, na inakwenda nikifunga choki tu. Nikifungua choki inakohoa, inarudisha moto kwenye kabureta, inazima. Plagi nimeitoa, ni nyeupe kama chaki. Sijabadilisha kitu kingine chochote. Haya mafuta ni mabovu, au ni mimi?

MzeeWaJeti:
Ni wewe, mkuu. Mafuta hayana kosa.

Kwanza hiyo habari ya nguvu. Lita ya methanoli ina nishati nusu tu ya lita ya petroli, karibu megajuli 16 kwa 32. Kwa hiyo nguvu ya mbio haitoki kwenye mafuta, inatoka kwenye hewa. Kilo moja ya petroli inataka hewa kilo 14.7 ndipo iungue yote. Methanoli kilo moja inatosheka na kilo 6.4, kwa sababu nusu ya uzito wake ni oksijeni tayari. Injini yako inavuta hewa ileile ya siku zote, haina habari umeweka nini kwenye tangi. Kwa hewa hiyo unatakiwa kuchoma methanoli zaidi ya mara mbili, na hapo ndipo unapata joto la petroli na kidogo juu yake. Jeti yako, kile kitundu cha kabureta kinachopima mafuta, ilitobolewa kwa ajili ya petroli, kwa hiyo injini ina njaa. Choki inaisaidia kwa sababu inapunguza hewa. Ile plagi nyeupe ndiyo ushahidi, na ukiendelea kuikanyaga hivyo utakuja kutuuliza habari za pistoni iliyotoboka.

Panua jeti. Kinachohesabika ni eneo la tundu, kwa hiyo kipenyo kinaongezeka kama mara moja na nusu tu. Mimi nilitoka milimita 1.20 nikaishia 1.75. Anza na kubwa kupita kiasi, ushuke taratibu ukisoma plagi. Methanoli ikizidi injini inavumilia, ikipungua haikusamehe. Na usiishie kwenye jeti! Nilipoteza siku nzima nikibadilisha jeti, kumbe tatizo lilikuwa juu yake: tundu la valvu ya boya, ile inayoingiza mafuta kwenye bakuli la kabureta, lilikuwa dogo, bakuli linakauka kila nikikanyaga. Pima pia mpira unaotoka kwenye tangi, mafuta yatiririke bila kusitasita.

Ukishapata kipimo utaona kitu cha ajabu. Methanoli ikigeuka mvuke inanyonya joto mara tatu ya petroli kwa uzito uleule, na wewe unaimwaga mara mbili. Siku ya kwanza, jua la mchana, injini imekwenda dakika kumi, nikapeleka mkono kwenye shingo ya kabureta nikijua nitaungua. Nikakuta barafu. Nyeupe kabisa, nikachora mstari kwa ukucha. Huo ubaridi ndio unaokuruhusu kupandisha mgandamizo hadi 12 au 13 kwa 1 bila injini kugonga (mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda), na faida kubwa iko hapo. Ndio huohuo pia unaokuumiza bega asubuhi. Injini ikiwa baridi, methanoli haitoi mvuke wa kutosha. California walipojaribu magari ya methanoli miaka ya 1980 na 1990 walichanganya petroli asilimia 15, na sababu moja ilikuwa hiyo ya kuwasha.

Sababu nyingine ilikuwa moto kuonekana. Hapa nakuomba usome mara mbili. Methanoli ikiwaka mchana huoni kitu. Haina moshi, haina ndimi za njano. Mwenzangu alikuwa anajaza tangi injini ikiwa bado moto, methanoli ikamwagika kidogo. Nikamwona anajipigapiga mkono wa shati kama mtu aliyeingiwa na siafu, nikacheka. Nilicheka, wallahi, mpaka nilipoona shati linabadilika rangi na hewa juu ya tangi inatetemeka kama lami ya barabarani wakati wa joto. Tulimwagia ndoo mbili za maji, pakazima. Mkono ulipona, kovu lipo.

Na hakuwa wa kwanza. Kwenye Indianapolis 500, mbio za magari za Marekani, walihamia methanoli baada ya ajali ya 1964 ambapo moto wa petroli uliwaua madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald, na mojawapo ya sifa zake ni kwamba maji yanaizima. Lakini 1981 dereva Rick Mears aliingia kuongeza mafuta, yakamwagika, akaanza kuungua yeye na mafundi wake, na watu waliokuwa pembeni hawakuelewa mara moja kwa nini wanarukaruka.

Bikari:
Naongezea la sumu kwa sababu naona hakuna aliyeligusa. Methanoli si spiriti ya kawaida, ingawa kwa macho na harufu huwezi kuzitenganisha. Ini linaigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na hiyo asidi inashambulia mshipa wa fahamu wa macho. Mililita 10 tu zinaweza kupofusha. Ubaya wake inachelewa: mtu analala salama, kesho yake anasema anaona ukungu. Inapita kwenye ngozi pia, kwa hiyo vaa glovu, na usiivute kwa mdomo na mpira kama mnavyofanya na petroli. Akiimeza mtu, hospitali saa hiyohiyo hata kama anajisikia vizuri. Dawa ipo na inafanya kazi ikiwahi.

Kitorondo:
Sasa kama inatumika mara mbili, haiwashi asubuhi, inapofusha na moto wake hauonekani, kuna haja gani? Si mbwembwe tu hizi za watu wa mbio?

ChumbaChaMashine:
Kaka, meli zinaelekea huko. Feri ya Stena Germanica imebadilishwa itumie methanoli tangu 2015, na 2023 Laura Mærsk ikawa meli ya kwanza ya makontena ya aina hiyo. Kwetu sisi wa mashine uzuri wake ni kwamba haina salfa, na ni kimiminika kwenye joto la kawaida, haitaki tangi la baridi kali kama gesi iliyogeuzwa kimiminika. Inatengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, lakini pia kwa takataka za mimea, au kwa kaboni dayoksaidi na haidrojeni. Kikwazo ni nafasi, tangi linakuwa zaidi ya mara mbili. Na kwa injini za mgandamizo, zisizo na plagi kama za dizeli, haijiwashi vizuri, kwa hiyo tunapuliza dizeli kidogo kwanza, ndiyo inayowasha. Mabomba yake ndani ya chumba cha mashine yana kuta mbili.

PistoniMoja:
Asanteni sana. Nimetoboa jeti 1.70, nimepanua na valvu ya boya. Jamani! Inavuta kama imeongezwa silinda. Ila niliiacha wiki mbili bila kuiwasha, leo nimefungua bakuli nimekuta unga mweupe chini, na kale kampira ka kuzibia kamevimba hakarudi kwenye mfereji wake. Nilitegemea kutu, siyo unga.

MzeeWaJeti:
Hiyo ni alumini ya kabureta yako inaliwa. Methanoli inavuta maji hewani, na ikikaa na maji inatafuna alumini na zinki. Safisha kwa brashi laini, usikwangue na bisibisi. Mpira tafuta unaostahimili alkoholi. Kuanzia leo, kila ukimaliza kazi mwaga methanoli yote, tia petroli kidogo, iwashe mpaka plagi ionje petroli, ndipo uzime. Na chomoa kijiti cha oili uangalie: ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji, ibadilishe kabla hujavuta kamba tena.