ULINGANISHO: Yadi za chuo, saa ya yadi 40, au kazi yote kwa pamoja. Kipi kinamtabiri mbeba mpira atakayecheza NFL?

Nyasi_Bandia (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Kila drafti ya NFL ikikaribia (timu za ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani zikichagua wachezaji wa vyuo kwa zamu), mjadala wa wabeba mpira (running back, wanaokabidhiwa mpira na kukimbia nao) ni uleule: huyu ana yadi nyingi chuoni, yule ana mbio, nani atacheza na nani atakatwa kikosini Agosti? Naomba tulinganishe njia tatu za kuwapima. Kila njia nimeiwekea mchezaji mmoja wa drafti ya 2025 ili tusibishane hewani.

Takwimu: Ashton Jeanty wa Boise State. Msimu wa 2024 alibeba mpira mara 374, akapata yadi 2,601 na tachidauni 29 za kukimbia (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Zilibaki yadi 27 aifikie rekodi ya yadi za msimu mmoja chuoni, ya Barry Sanders mwaka 1988. Raiders wa NFL walimchukua nafasi ya 6 ya drafti.

Vipimo: Bhayshul Tuten wa Virginia Tech. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.32 akiwa na pauni 206, yaani kilo 93 na ushee. Hakuna mbeba mpira aliyemshinda mbio mwaka huo kule Indianapolis, kwenye vipimo vya NFL vya kabla ya drafti. Jaguars, nafasi ya 104.

Kazi yote kwa pamoja: Cam Skattebo wa Arizona State. Yadi 40 hakukimbia Indianapolis. Ila msimu wa 2024 alipata yadi 1,711 kwa kukimbia, na akadaka pasi 45 kwa yadi 605. Giants walimchukua nafasi ya 105, mara tu baada ya Tuten.

Ukikabidhiwa jina la kijana usiyemjua, unaanza kuangalia nini?

Bi_Takwimu

Mkuu, mimi naanza na takwimu, lakini jumla ya yadi ndiyo namba ya mwisho kuitazama. Jumla inachanganya mambo manne: mstari wa mbele wa timu yake (wanaomfungulia njia), ubora wa wapinzani, idadi ya mara alizobeba, na yeye mwenyewe. Kazi yetu ni kumtenga yeye na hayo mengine.

Hatua ya kwanza, chukua mechi alizocheza na timu kubwa tu. Kwa Jeanty ni mbili. Dhidi ya Oregon, Septemba 2024, alibeba mara 25 kwa yadi 192 na tachidauni 3. Dhidi ya Penn State kwenye Fiesta Bowl (mechi ya mtoano ya vyuo) alibeba mara 30 kwa yadi 104, hakufunga. Anayesoma mechi ya pili peke yake atasema kijana kabanwa. Rudi kwenye video uhesabu walinzi waliosogea karibu na mstari wa kuanzia mchezo kabla mpira haujaanza. Wakiwa sita, mbeba mpira ana nafasi. Wakiwa wanane, mmoja wao hana wa kumzuia, na huyo ni wa mbeba mpira kumkwepa mwenyewe. Yadi 4 mbele ya walinzi wanane zina thamani kuliko yadi 7 mbele ya sita.

Hatua ya pili, toa mbio zake tatu ndefu kuliko zote za msimu, kisha piga wastani upya. Wastani ukianguka vibaya, kijana anaishi kwa nyufa kubwa ambazo NFL hufungwa haraka.

Hatua ya tatu, na kwangu ndiyo nzito, ni yadi anazopata baada ya kuguswa na mlinzi wa kwanza. Hizo mstari wake haumpi. Za Jeanty peke yake mwaka ule zilizidi jumla ya yadi za mbeba mpira mwingine yeyote wa daraja la juu la vyuo, na wa pili kwa jumla alikuwa huyo huyo Skattebo. Ndiyo maana hoja ya ligi dhaifu ya Boise State haikumshusha chini ya nafasi ya 6.

Tahadhari moja. Melvin Gordon wa Wisconsin alipata yadi 2,587 mwaka 2014, akachukuliwa nafasi ya 15 na Chargers. Msimu wake wa kwanza alimaliza na yadi 641 bila tachidauni hata moja. Msimu uliofuata akafunga 12. Takwimu za chuo zilikuwa sahihi juu ya kipaji chake, zilikosea wakati tu.

SaaYaMkono

Dada, nakubaliana nawe nusu. Mbio zina kazi yake, mradi zipimwe pamoja na uzito. Kuna kanuni ya zamani ambayo bado inasaidia: uzito kwa pauni zidisha kwa 200, kisha gawa kwa muda wa yadi 40 uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Alama 100 ni ya kawaida.

Nimewapigia hesabu wachache. Jonathan Taylor, pauni 226 kwa sekunde 4.39, anapata karibu 122. Tuten 118. Derrick Henry, pauni 247 kwa 4.54, ni 116. Omarion Hampton wa North Carolina aliyekwenda Chargers nafasi ya 22, pauni 221 kwa 4.46, ni kama 112. De'Von Achane alikimbia 4.32 sawasawa na Tuten, lakini kwa pauni 188 anaishia 108. Henry wa 4.54 kamzidi Achane wa 4.32, maana mwili wa kilo 112 ukifika kwa mlinzi na kasi ile, mlinzi hubebwa.

Watu hukosea hapa: muda wa siku ya chuo (vipimo vinavyofanyika chuoni kwake) mara nyingi ni wa saa ya mkononi, na kidole cha binadamu huchelewa kuanza kuhesabu. Muda huo ongeza angalau sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla hujaulinganisha na wa Indianapolis. Jambo lingine, yadi 40 zote mbeba mpira hazikimbii mara nyingi kwa mechi. Tafuta muda wa yadi 10 za mwanzo. Kati ya 1.50 na 1.55 ni mzuri. Ukipita 1.60, upenyo utajifunga kabla hajaufikia.

Upenyo_A

SaaYaMkono, mwingize Kyren Williams kwenye kanuni yako. Pauni 194, sekunde 4.65. Anapata 83. Kwa kipimo hicho hakustahili hata mwaliko wa mazoezi, na Rams walimsubiri hadi raundi ya tano, nafasi ya 164, mwaka 2022. Msimu wa 2023 alipata yadi 1,144 katika mechi 12 tu. Upande wa pili kuna Trent Richardson, nafasi ya 3 mwaka 2012, mwili wote upo, wastani wake wa maisha NFL ukawa yadi 3.3, na baada ya msimu wa 2014 hakucheza tena mechi ya ligi.

Williams alibaki uwanjani kwa sababu anamkinga kwotabeki (anayerusha pasi). Kocha wa NFL hawezi kumweka kwenye dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kupata yadi 10) kijana ambaye atasababisha kwotabeki wa mamilioni avunjwe mbavu. Hapa ndipo wengi wanaotoka chuo hukwama, na takwimu hazionyeshi kabisa.

Tazama hivi. Kabla mpira haujaanza, macho yake yako wapi? Anatakiwa amtambue lainbeka wa kati (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa wapinzani) kwanza, kisha atoke ndani kwenda nje, kwa kuwa anayepenya katikati ndiye anayefika kwa kwotabeki haraka zaidi. Akishaona anayekuja, asogee mbele akamkute karibu na mstari. Akimsubiri nyuma, lainbeka anakuja na kasi ya hatua tano na wote wawili wanamwangukia kwotabeki. Mikono iingie ndani, kifuani, mabega yawe chini ya mabega ya mwenzake, miguu isisimame. Kosa la kawaida la vijana ni kuinamisha kichwa na kujirusha miguuni: lainbeka anaruka, njia nyeupe.

Shida ni kwamba timu nyingi za vyuo hazimpi kazi hiyo. Humtuma akimbie njia ya pasi, au mstari mzima unasogea upande mmoja naye anabaki na mtu mmoja rahisi. Unaweza kutazama mechi tatu ukaona nafasi nne tu. Ndiyo maana wiki ya Senior Bowl (mechi ya maonyesho ya wanaotoka chuo, mbele ya timu za NFL) kule Mobile, Alabama, ina thamani: kuna zoezi la mbeba mpira dhidi ya lainbeka, mmoja kwa mmoja, bila pa kujificha. TreVeyon Henderson wa Ohio State alipanda hadi nafasi ya 38 kwa Patriots akiwa na pauni 202 tu, na kumkinga kwotabeki kulimsaidia sana.

SaaYaMkono

Upenyo_A, mfano wa Williams naukubali, ila mmoja hafuti kanuni. Wengi wenye alama ya 83 hata majina yao hatuyajui kwa sababu hawakuitwa. Mbio zinafungua mlango, kumkinga kwotabeki kunakubakiza ndani.

Nyasi_Bandia

Hapa nimepata kitu. Swali: mpira kuanguka na wingi wa kubeba chuoni tuviweke wapi? Tuten aliangusha mara nyingi kule Virginia Tech, na Jeanty ana 374 za mwaka mmoja mwilini.

Mlinda_Mpira

Kaka, tenganisha hayo mawili.

Kuangusha mpira kunatibika kama chanzo ni mkono, na ni kugumu kama chanzo ni macho. Simamisha video pale anapoguswa. Ncha ya mbele ya mpira inatakiwa ifunikwe na vidole, mpira ulale kwenye kiganja na mkono wa mbele, ncha ya nyuma ibanwe kwenye kiwiko, na ubavu uumalizie. Pengo likionekana kati ya kiwiko na ubavu, mlinzi wa nyuma atapiga ngumi hapo na mpira utatoka. Hilo ni la mazoezi. Angalia pia kama anauhamishia mkono wa nje anapogeuka upande wa pili. Lakini anayeangusha kwa sababu hamwoni mlinzi wa pili anayekuja wakati yeye anapigania inchi, huyo kazi ipo. Arian Foster hakuchukuliwa na timu yoyote mwaka 2009, na kuangusha mpira kule Tennessee kulikuwa sehemu ya sababu. Mwaka 2010 aliongoza ligi kwa yadi 1,616.

Foster ana somo jingine. Houston walicheza mfumo wa zoni: mstari wote unasogea pembeni, mbeba mpira anasubiri, anakanyaga mara moja na kukata kwenda mbele. Kijana anayependa kucheza-cheza miguu nyuma ya mstari hufa kwenye mfumo huo. Kwa hiyo usimpime bila kujua anakwenda timu gani.

Wingi wa kubeba mimi haunitishi peke yake. Jonathan Taylor alibeba mara 926 kwa miaka mitatu Wisconsin, na mwaka 2021 akaongoza NFL kwa yadi 1,811. Derrick Henry alibeba 395 msimu wake wa mwisho Alabama. Goti linanitisha zaidi. Jonathon Brooks wa Texas alikuwa mbeba mpira wa kwanza kuchukuliwa mwaka 2024, nafasi ya 46, baada ya kuchanika kano ya goti Novemba 2023. Desemba 2024 goti hilohilo likachanika tena. Uchunguzi wa madaktari Indianapolis hauonyeshwi kwenye televisheni, lakini timu huupa uzito kuliko mbio zile. Jina likishuka raundi mbili bila sababu inayoonekana uwanjani, mara nyingi sababu iko kwa daktari.

Kikosi53

Wote mmesahau hesabu ya viti. Timu ina wachezaji 53, na wabeba mpira huwa watatu au wanne. Wa kwanza na wa pili wanapimwa kwa yote mliyoyasema. Wa tatu anapimwa kwa mipira ya kupigwa kwa mguu: je, anarudisha? Anakimbia kumkaba anayerudisha? Anaweza kumkinga mpigaji? Kijana wa raundi ya sita aliyekuwa nyota chuoni na hajawahi kufanya hata moja ya hizo ataachwa kwa mwenye mbio ndogo anayezifanya zote tatu.

Isiah Pacheco alichukuliwa na Chiefs nafasi ya 251 mwaka 2022. Alianza kwa kurudisha mipira, ilipofika katikati ya msimu akawa ndiye anayeanza, akamaliza na yadi 830. Kwa hiyo Tuten, ambaye alirudisha mipira Virginia Tech, alikuwa na milango miwili ya kuingilia hata kama mikono yake inatia shaka. Skattebo mlango wake ulikuwa pasi na ugumu wa mwili. Jeanty hakuhitaji mlango, maana timu inayotoa nafasi ya 6 itampa mpira hata akianza vibaya. Raundi anayochukuliwa ni kipimo chenyewe: wa raundi ya kwanza husamehewa msimu mbovu kama Gordon, wa raundi ya saba hasamehewi mechi mbili.

Nyasi_Bandia

Kikosi53, basi mechi za maandalizi za Agosti nitazame nini hasa? Dakika zenyewe ni chache.

Kikosi53

Usihesabu yadi. Angalia aliingia robo ya ngapi na akiwa na kwotabeki yupi. Akiingia robo ya kwanza na kwotabeki wa kwanza au wa pili, makocha wanamtaka. Kisha angalia dauni ya tatu yenye yadi nyingi: wakimwacha uwanjani, wamemwamini kumkinga kwotabeki. Mwisho, mtafute kwenye mipira ya kupigwa kabla ya mapumziko, wakati waliopo uwanjani ni wale wanaopangiwa kazi ya kweli. Akionekana huko robo ya nne peke yake, mpigie hesabu ya kikosi cha mazoezi (wa akiba, nje ya wale 53), ambacho kina nafasi 16.

Upenyo_A

Ongeza hili: akibaki kumkinga, irudishe video hata kama pasi ilikamilika. Mara nyingine kwotabeki huachia mpira mapema kwa sababu mbeba mpira kamkosa mtu wake, na kwenye takwimu inaandikwa pasi nzuri tu.