Tupeane uzoefu: siku edita ilipokukisia faili siyo

Chalii_wa_Sakina: Wazee habari za jioni. Jana nimekesha mpaka saa nane usiku kwa kitu kidogo hadi naona aibu kukisema. Kwenye Vim, edita yangu, nimeweka set wildoptions=pum,fuzzy ili ikisie majina, nikiandika :b (kurukia faili lililo wazi tayari) na herufi mbili tatu za kurukaruka nikabonyeza Tab inakisia safi kabisa, ila nikija kwenye :e kufungua faili jingine imekaa tu kama haijanisikia. Nimetoa plagini zote nikarudisha moja moja, wapi. Nani yamemkuta?

Mama_Terminali: Haijaharibika hiyo mdogo wangu. Fungua :help wildoptions usome mpaka chini, wamesema wenyewe majina ya mafaili na folda hayamo kwenye fuzzy, huko inatumia nyota kama zamani. Mimi naandika :e **/*bei* halafu Tab, yamekwisha.

Chalii_wa_Sakina: Saa nane usiku dada!! Na plagini nimeshazitukana zote.

Kijenge_Juu: Hamia edita ya VS Code, Ctrl+P inakutafutia faili, maisha yenyewe mafupi haya

Babu_wa_Rau: RAM ya kuiendeshea utaninunulia wewe?

Kijenge_Juu: uza ndizi mzee 😂

Majengo_Kwetu: Mmenitonesha kidonda. Mwaka juzi nilikuwa natunza tovuti ya watu wa utalii hapa Moshi, siwataji, kila safari ina faili lake, marangu.md, machame.md, mara-ngorongoro.md, na bei yote inakaa mstari wa 6. Ijumaa jioni bosi anapiga, shusha bei ya Marangu sasa hivi kuna wageni wako kwenye simu. Umeme umekatika, laptop ina chaji asilimia 9. Nikafungua fzf, ile ya kutafuta faili kwa herufi chache, nikaandika marng, Enter, 6G kwenda mstari wa 6, nikabadilisha, :wq kuhifadhi, nikapushi kwenye tovuti, nikafunga nikaenda zangu kunywa mtori. Jumapili niko kanisani simu inatetemeka mfukoni hadi mama wa benchi la mbele akageuka. Kumbe safari ya siku nane ya Mara na Ngorongoro inauzwa bei ya kupanda mlima siku tano na wazungu sita wameshalipa. Bosi akasema wageni hawarudishwi, tofauti nikakatwa mimi miezi minne. Baadaye ndo nikakaa kuchunguza. Herufi m-a-r-n-g zipo kwenye majina yote mawili, ila n ya ngorongoro imekuja baada ya kistari na fzf inaipa maksi zaidi herufi inayoanza neno, ikapanda juu. Ningemalizia ile u tu isingetokea, mara-ngorongoro haina u hata moja.

Dogo_Soweto: Wazungu sita 😭😭

Chalii_wa_Sakina: Uvivu wa herufi mbili, mshahara wa miezi minne

Mama_Terminali: Weka alama ya ' mbele, 'marangu, fzf inaacha kukisia inatafuta herufi hizohizo zikifuatana.

Babu_wa_Rau: Kosa si la fzf, ni la macho. git diff uone ulichobadilisha kabla ya kupushi, mlifundishwa wapi nyie?

Majengo_Kwetu: Kwa asilimia 9 mzee?

Babu_wa_Rau: git diff haili umeme

Njiro_Block: Sisi wa Emacs, edita nyingine, tuna letu. Nimeweka flex, mtindo wa kukisia, kwenye completion-styles, kwenye mafaili wiki nzima mara inakisia mara haikisii. Kumbe nilikopi konfigi ya plagini ya orderless na ndani yake kuna completion-category-overrides inayotanguliza basic na partial-completion kwa file, zikipata chochote flex haifikiwi. Mstari mmoja tu, niliubandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Kijenge_Juu: ndo maana nasema Ctrl+P

Njiro_Block: Nani kakuuliza

Dogo_Soweto: Na mimi faili la mipangilio .env halionekani kwenye orodha, nimeitengeneza mara tatu naandika juu ya ileile

Mama_Terminali: Unatumia rg --files kuorodhesha mafaili eh? Inaruka yanayoanza na nukta na yaliyomo kwenye .gitignore, orodha ya yasiyotakiwa na git. Ongeza --hidden na --no-ignore, ila node_modules, folda za vifurushi vya JavaScript, zitakumiminikia usije kunilaumu.

Kijenge_Juu: Majengo, huo mtori ulikuwa wa wapi lakini?

Majengo_Kwetu: Nyuma ya stendi. Na niliukuta umepoa.