Nimelipa elfu kumi na tano niambiwe punda ni "ishara ya ujinga"!

Wakuu, nimepigwa. Jana nimenunua kwa jamaa mmoja mwongozo wa kuchambua riwaya za tawala za kutisha, elfu kumi na tano kwa simu. Ndani kuna jedwali: mnyama kushoto, maana kulia. Punda, ujinga. Mbwa, uaminifu. Farasi, ufahari. Huyu mtu amekisoma kitabu cha Orwell, Animal Farm, ambamo wanyama wanampindua mwenye shamba kisha nguruwe wanawatawala, au alichungulia zizi la jirani?

Kwa taarifa yake, punda Benjamin anajua kusoma vizuri kama nguruwe yeyote pale shambani. Hasomi tu, maana haoni cha maana cha kusoma. Siku farasi Boxer anachukuliwa, wenzake wamelizunguka gari wanamuaga, ni Benjamin anayewasomea maandishi ya ubavuni: gari la mchinja farasi! Kachelewa. Miaka yote mwenye kujua kusoma kanyamaza, anakuja kupaza sauti rafiki yake akiwa ameshafungiwa ndani. Mimi hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje. Mwongozo unaniandikia "ujinga".

Na mbwa? Wale tisa Napoleon, nguruwe mtawala, aliwatwaa wangali vitoto akawalea kwa siri. Walipotoka walikuwa meno matupu. Uaminifu kwa nani?

Ukuta wa amri 7, yaani sheria za wanyama zilizoandikwa ukutani, haujatajwa hata kwa bahati mbaya. Jamani, si ndiyo mbinu inayobeba kitabu kizima? Amri zinachomekewa maneno kimyakimya: marufuku kulala kitandani... "chenye mashuka". Marufuku kuua... "bila sababu". Wanyama wanabaki kudhani wao ndio wamesahau. Hata usiku Squealer, nguruwe msemaji wa Napoleon, anapokutwa kaanguka chini ya ukuta huo, ngazi imevunjika, brashi na kopo la rangi pembeni, hakuna anayeelewa ila mmoja. Nani? Punda! Anatikisa kichwa, kimya.

Kilichonimaliza ni kuambiwa kitabu kilitungwa kupinga ukoloni Afrika. Kinaisema Urusi ya Stalin! Wachapishaji kadhaa Uingereza walikikataa mwaka 1944, Warusi wakiwa washirika wao vitani, kikatoka Agosti 1945. (Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Hilo nalo lingestahili ukurasa.)

Nimemwandikia anirudishie hela. Amenijibu kwamba toleo la pili limeshatoka, elfu ishirini.