Tupeane uzoefu: benki ilipogoma kutoa hela za mradi kwenu, ilikuwaje?

Wakuu, kila siku tunasikia benki za maendeleo zinajitoa kwenye makaa ya mawe na mafuta. Benki ya Dunia yenyewe ilitangaza pale Paris Desemba 2017 kwamba baada ya 2019 haitoi tena hela za kutafuta na kuchimba mafuta na gesi, ingawa gesi kwa nchi maskini kabisa waliacha kamwanya. Sasa waliokaa jirani na miradi hii waseme waliyoyaona, ya kusoma tunayo ya kutosha.

MzeeWaJahazi: Mimi wa Lamu. Ule mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 1,050 ulikuwa ukae Kwasasi, na makaa yenyewe mwanzo yaje kwa meli kutoka Afrika Kusini, ebu fikiria. Wakaja watu na tepu wakapima shamba la mzee wangu, akaambiwa asipande kitu cha kudumu, basi miaka yote ile mikorosho inazeeka anaiangalia tu, hata simsim anapanda roho iko juu. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni, Novemba Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ikasema haimo. Tulishangilia wallahi, na kuvua bado tunavua. Ila fidia hatukuiona na mzee alishauza ng'ombe wawili akiisubiri, hilo kwenye shangwe hakuna aliyelisema.

FundiChuma: Mimi nitawaudhi. Bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda mpaka Tanga, kilomita 1,443, mabenki kibao ya Ulaya yalikataa, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haihusiki, je lilisimama? Wenye hisa walitoa hela zao, Machi 2025 benki za Afrika kama Afreximbank na Standard Bank na wenzao wakaingia. Nimechomelea miezi 14, nimepaua nyumba. Lingesimama ada za watoto mngenilipia nyie?

MamaWawili: Hongera ya nyumba fundi, kweli kabisa. Mimi niko upande wa Hoima. Kwetu hela ya fidia ya shamba la kupitisha bomba ilipotoka baba watoto alisaini peke yake, akanunua pikipiki akahama nayo. Nikauliza nilalamike wapi, nikaambiwa nenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti ananiambia nenda kwa kampuni, huko getini naambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu ngapi zimepita sasa! Ndo nikaja kujua Benki ya Dunia ina jopo la ukaguzi tangu 1993, wanakijiji wanaandika barua wanasikilizwa, lakini ni kwa mradi waliotia hela wao tu. Kwa hiyo benki ikijitoa na bomba likaendelea, kule kwa kulalamikia kumeondoka nayo. Mimi sisemi warudi wakopeshe mafuta, hapana, nasema kabla ya kuondoka watuachie pa kubisha hodi.

FundiChuma: Hapo umenishika mama. Sikulifikiria.

MzeeWaJahazi: Na sisi ambao mradi ulikufa kabla haujaanza? Ng'ombe wawili wa mzee namdai nani?

MamaWawili: Siku ya kupimwa alisaini fomu? Nakala anayo?

MzeeWaJahazi: Ipo sandukuni. Mchwa wamekula pembe moja ila namba ya kiwanja inasomeka.

MamaWawili: Ipige picha leo leo, usingoje wamalize.