Naomba ushauri: BJT au JFET (aina mbili za transista) kwenye hatua ya kwanza ya amplifaya ya piezo (kihisi kinachogeuza mtetemo kuwa umeme)?

Wakuu, naombeni ushauri. Saketi ni ya volti 9, rizista ya mzigo 4.7k, mkondo 1 mA. Kwa 2N3904 (BJT) yenye kapasita kwenye emita, gm (mkondo unaobadilika kwa kila volti ya ingizo) ni 1 mA ÷ 25 mV, yaani 40 mS (milisimensi), hivyo gaini (ukuzaji wa volti) inafika kama 188. JFET ya 2N5457 kwa mkondo huohuo inatoa kama 2 mS tu: gaini 9. Kwenye karatasi BJT imeshinda.

Shida iko kwenye chanzo. Piezo ina impidansi (ukinzani kwa ishara) kama 1M kwenye masafa ya chini, na beisi ya BJT (beta, yaani ukuzaji wa mkondo, 200) inaonyesha 5k tu. Ishara inayopenya ni 0.5%, kwa hiyo zile 188 zinabaki chini ya 1! Geti ya JFET yenye rizista ya 10M haipotezi hata asilimia 10.

Nafikiria JFET iwe sosi foloa (ishara hutoka kwenye sosi, bila kukuza volti), kisha BJT yenye 220 Ω emita bila kapasita, gaini kama 19. Je, hapo kelele itakuwaje? Na kwa kuwa Vgs ya kukata (volti kati ya geti na sosi inayozima mkondo) ya 2N5457 hutofautiana kutoka -0.5 hadi -6 V, rizista ya sosi mnaichaguaje bila kupima kila kipande?